Trei za Buluu

Yai zima ukiliweka juu ya taa linakuonyesha kila kitu. Kuna mishipa myembamba myekundu iliyotawanyika kama mizizi ya mche mchanga, kuna doa jeusi ambalo ndilo jicho la kifaranga, na ukitulia utaliona doa lile likishtuka, likijivuta, kisha likitulia tena. Yai lililokufa halina mishipa, lina pete ya damu tu, kama alama ya kikombe iliyobaki mezani. Na lililooza halikubali mwanga hata kidogo. Linakaa juu ya taa jeusi tii, na mtu aliyezoea hulitoa upesi kabla halijapasuka na kuwafukuza wote chumbani.

Mwanamke waliyemwita Jicho alikuwa amezoea. Huu ulikuwa mwaka wake wa nne kwenye meza ile, katika chumba kisicho na dirisha, amevaa koti jeupe na barakoa, akimulika mayai yaliyokwisha kukaa siku kumi kwenye mashine ya kuatamia. Aliyoyapitisha yalikwenda chumba cha pili. Huko wataalamu walitia ndani ya kila yai tone la mbegu ya mafua makali, mbegu ikakua humo siku tatu, kisha ikavunwa, ikauawa, ikasafishwa, ikawa chanjo. Ya chumba cha pili hakuyajua sana, maana shule aliiacha alipomaliza ya msingi. Alichojua ni kwamba chanjo yote ile ilianza na yai lililo hai, na hakuna wa kusema yai liko hai ila yule aliyelitazama.

Aliifanya kazi hiyo kama ibada. Kabla ya kuwasha taa alisema maneno mawili matatu kwa Mungu wake, midomo ikicheza nyuma ya barakoa, ndipo akanyoosha mkono kuchukua yai la kwanza.

"Umeshaniombea na mimi?" mwenzake wa meza ya pili aliuliza kila asubuhi. Huyo walimpa jina la Redio, na hakuna aliyehitaji kueleza sababu.

"Nimekuombea ufungwe mdomo."

"Basi Mungu amekataa hilo mwaka wa nne huu. Omba jingine."

Jumatatu moja hawakutaniana kwa muda mrefu. Trei za kiwanda zilikuwa na alama za rangi tatu, kijani, njano na buluu, kila rangi kwa kikundi kimoja cha wafugaji, na kila yai lilipigwa mstari wa rangi ya kikundi chake. Kijani ilipita vizuri. Njano ikapita. Buluu ilipofika, Jicho alitoa yai jeusi, akatoa la pili, akatoa la tatu. Trei ya mayai thelathini na sita ikabaki na mapengo tisa kama kinywa cha mzee. Trei iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Jumanne hali ikawa mbaya zaidi, na msimamizi wa zamu, binti mdogo mwenye macho makini ambaye angeweza kuwa mwanawe, alisimama nyuma yake na daftari, akiandika bila kusema neno.

Jicho naye hakusema. Kikundi cha buluu kilikuwa cha nyumba ishirini na mbili, na mwenyekiti wake alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe.

Jumatano asubuhi meneja aliwakusanya wote uani. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na tabia ya kuwatazama watu kana kwamba nyuma ya kila mmoja kuna karatasi inayohitaji kusomwa.

"Mnajua tulikotoka," alisema. "Kiwanda cha pamba kilipofungwa, mji huu ulibaki na popo. Leo seremala anatengeneza mabanda ya kuku, fundi wa kuchomea anatengeneza milango, mashine ya kusaga inanunua mahindi ya mkulima na kumuuzia mfugaji chakula cha kuku. Humu ndani tuko mia na ishirini, lakini wanaokula kupitia kwetu siwezi kuwahesabu. Yote hayo yamesimama juu ya yai." Akatoa karatasi mfukoni. "Lile shamba kubwa la mbali, la mitambo, limeandika barua tena. Wanasema wanaweza kutuletea mayai yote, hatuna haja ya vikundi. Mpaka sasa nimewakatalia. Lakini buluu wakiendelea hivi hadi Ijumaa, nitawaondoa, na nafasi yao itajazwa na shamba hilo. Na nikishaanza na buluu, sijui nitawajibu nini wakiniuliza habari za njano na kijani."

Watu walirudi kazini wakiburuta miguu.

Mumewe Jicho alikuwa mtu wa pamba. Siku walipofunga geti la kiwanda kile alirudi nyumbani na kofia yake ya kazi, akaitundika msumarini, na kofia ile haikushuka tena mpaka alipokufa yeye. Jicho aliyaona kwa macho yake yale yanayoupata mji geti likifungwa. Aliona mama wa jirani akiuza milango ya nyumba yake, mmoja mmoja, mpaka akabaki anatundika mashuka.

Jumatano hiyo, trei ya buluu ilipofika, hakuwasha taa upesi. Alilichukua yai moja akalipitisha kidole gumba taratibu, kama mtu anayepapasa kitambaa dukani. Yai la kuku lisiloguswa lina ukavu fulani juu ya gamba lake, utando mwembamba kama vumbi la unga. Hili halikuwa nao. Lilikuwa laini, linateleza kama sahani iliyotoka kuoshwa. Akaishusha barakoa kidogo, kinyume cha sheria, akalinusa. Sabuni.

Hapo akakumbuka.

Ilikuwa Jumapili, wiki mbili na siku tatu zilizopita, baada ya sala. Alipita kwa wifi yake kumsalimu, akawakuta wanakikundi watano sita wamekaa uani. Wifi akamuuliza mbele ya wote, kwa kujivuna kidogo, "Haya, wewe uliye ndani. Wakubwa wanasemaje kuhusu mayai yetu?" Naye Jicho, ambaye kwa kawaida hupima neno kabla ya kulitoa, siku hiyo alitaka kuonekana mtu wa ndani kweli. Akacheka, akasema, "Yana kinyesi na manyoya, wifi. Yakifika mezani naona aibu mie, kama yametoka kwetu."

Yakawa yamekwisha. Wakacheka wote. Alikunywa chai akaenda zake.

Lakini alikuwa ametia sahihi karatasi, siku ile ya kwanza ya kazi, kwamba hatazungumza na mfugaji yeyote habari za trei. Kila neno kutoka kiwandani kwenda mabandani lilipaswa kupitia kwa bwana mifugo. Wakati ule aliona ni urasimu wa watu wenye muda wa kupoteza.

Alhamisi zamu ilipokwisha alikwenda moja kwa moja kwa wifi. Alisikia mlio wa maji kabla hajafika. Uani, mbali na banda, wanawake wanne walikuwa wamezunguka mabeseni mawili yenye povu. Mmoja aliosha kwa kitambaa laini, wa pili alisuuza, wa tatu alikausha, wa nne aliyapanga mayai juu ya shuka jeupe kama anayetandika kitanda cha mgeni. Walifanya kwa upole mkubwa. Hakuna hata yai moja lililogongana na mwenziwe.

"Karibu, wifi," alisema mwenyekiti bila kuinuka, mikono majini. "Mbona umekuja na uso wa mtu wa kodi?"

"Nimekuja na uso niliopewa."

"Basi ukunjue, uone kazi. Tazama haya. Hutaona aibu tena mezani. Karani wa getini ametusifu mara mbili. Kasema buluu wangekuwa wanafunzi, angewapa namba moja."

"Anamwambia kila mtu hivyo akitaka kuchekewa," mwanamke wa kukausha alisema, na wenzake wakacheka.

Jicho alivuta kigoda, akakaa.

"Mlianza lini kuosha?"

"Alhamisi, baada ya ile Jumapili uliyotuumbua. Jioni yake nikaita kikao. Nikawaambia, jamani, mke wa kaka yangu anadharauliwa huko ndani kwa sababu ya uchafu wetu."

"Bwana mifugo aliwafundisha kitambaa kikavu."

"Alisema. Alisema na mengine arobaini. Lakini yeye anayaona mayai nje, wifi. Wewe unayaona ndani."

Jicho alitazama povu. Alijua kwamba akisubiri zaidi hatasema, kwa hiyo akasema hapo hapo.

"Maji yanayaua. Yai likitoka kwa kuku lina joto. Ukilitia kwenye maji ya baridi, kilichomo ndani kinasinyaa, na gamba lina vitundu usivyoviona kwa macho. Basi linakunywa. Linakunywa maji, na uchafu uliomo majini, mpaka ndani. Ule utando wa juu mnaouona kama vumbi ndio mlango wake, na nyinyi mnautoa kwa sabuni. Kwa nje linang'aa. Tangu Jumatatu natoa mayai meusi kwenye trei za buluu, robo nzima ya trei. Kesho wanawaondoa."

Mwanamke wa kuosha aliitoa mikono majini polepole, kama aliyegundua kuwa beseni lina nyoka. Jogoo aliwika bandani, akanyamaza, akawika tena.

"Ni wewe uliyetuambia," wifi alisema mwishowe. Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

"Ni mimi."

"Mimi nimeuza mbuzi wangu wote kujenga lile banda. Huyu hapa mumewe alimcheka mwaka mzima kwa kuwalaza kuku kwenye chumba kizuri kuliko chake. Sasa tunaondolewa kwa usafi?"

Wifi alisimama, akajifuta mikono kwa nguvu kwenye nguo yake. Alikuwa mwanamke wa kutafuta njia, hakuwahi kukaa na tatizo mpaka lipoe.

"Sawa. Tunamwaga maji haya leo. Kuanzia sasa ni kitambaa kikavu, na tunafunga midomo. Nani atajua?"

"Mayai mliyoosha jana na juzi na wiki nzima iliyopita yako kwenye mashine. Yatakuja mezani moja moja, meusi, siku kumi zijazo. Mkiacha leo, yai zuri la kwanza litafika kwangu Jumatatu, si hii, ile ya pili. Na wao wanaamua kesho."

Wifi alihesabu kwa vidole, akafika kwenye jibu lile lile.

"Basi nitakwenda mimi kwa meneja. Nitasema tuliosha kwa ujinga wetu."

"Wakisikia mmeacha mafunzo kwa kichwa chenu tu, mkataba unavunjika papo hapo. Imeandikwa."

"Na wakisikia ni wewe? Ile karatasi yako je?" Wifi aliishusha sauti ili wenzake wasisikie, ingawa walisikia. "Mtoto wa kaka yangu anasoma kwa taa ile unayomulikia mayai. Usijifanye shujaa ukaja kunililia mimi hapa."

"Sijasema nitafanya nini."

"Hujasema. Nakujua lakini."

Aliagana nao, akaenda nyumbani, akapika, akala kidogo. Binti yake alimuuliza mara mbili kama anaumwa. Alfajiri, kabla ya kutoka, alipiga magoti kama kila siku. Hakuomba aokolewe, maana aliona hilo ni kumwomba Mungu afiche alilolifanya yeye kwa ulimi wake. Aliomba tu sauti isimkauke atakapofika mbele ya watu.

Ofisi ya meneja ilikuwa na viti vitatu na feni iliyozunguka kwa kusitasita. Msimamizi wa zamu alikuwa ameweka daftari lake mezani, likiwa wazi kwenye ukurasa wa buluu. Jicho aliomba kuingia, akaruhusiwa, akasimama. Alikuwa amebeba mayai mawili ya buluu ndani ya kikombe chenye pamba, moja la yale yaliyooshwa na moja aliloliomba kwa wifi, la jana jioni, lenye unyoya umegandia ubavuni.

"Kabla hamjaandika," alisema, "naomba mguse haya."

Meneja aligusa la kwanza, akagusa la pili. Akatazama tena, kana kwamba yanaweza kumsomea kitu. Jicho akaeleza joto, maji baridi, vitundu na utando, kwa maneno yale yale aliyoyatumia uani. Msimamizi alianza kuitikia kwa kichwa kabla hajamaliza.

"Ndiyo maana yalikuwa safi mno," binti yule alisema. "Nami sikuuliza. Karani aliyapokea akayasifu, nami nikaweka sahihi chini yake."

"Bwana mifugo hakuwafundisha?" meneja aliuliza.

"Aliwafundisha."

"Basi wamekiuka. Sina ugomvi na akina mama wale, lakini wamekiuka."

"Waliambiwa na mtu wa kiwandani kwamba mayai yao ni machafu na yanatia aibu. Wakaacha la bwana mifugo wakashika la huyo, kwa sababu yeye ndiye anayeyamulika."

Meneja aliinua macho. "Nani huyo?"

"Mimi."

Feni ilizunguka. Msimamizi alisema kwa sauti ya chini, "Mama, unajua unachosema?"

"Najua. Nilitia sahihi nisizungumze. Nilizungumza Jumapili moja kwa kutaka sifa, neno moja tu la mzaha, wao wakalibeba kama amri. Kosa la buluu limeanzia kwenye mdomo wangu. Na mdomo huu mnauajiri nyinyi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona meneja akikosa karatasi ya kutazama. Alitoka na msimamizi, wakasimama ukumbini, wakazungumza muda ambao Jicho aliuona mrefu kuliko zamu. Waliporudi alizungumza taratibu.

Buluu wangebaki hadi Jumatatu ya pili. Mayai yao yote yaliyomo kwenye mashine yangetupwa kadiri siku zao zinavyofika, na pengo la siku kumi lingezibwa na shamba la mbali, kwa siku hizo tu. Bwana mifugo angekwenda kukaa na wanakikundi siku nzima, na safari hii asiwape mambo arobaini, awape matano. Mayai ya kwanza ya kitambaa kikavu yakifika mezani meusi kama haya, basi. Yakiwa hai, mkataba unaendelea.

"Na wewe," alisema, "chumba cha kumulika huwezi kurudi. Walau si sasa. Ukifika pale, kila mfugaji atakayekuona njiani atakuuliza, nami nitakuwa sina raha. Kuna nafasi kwenye kuosha trei."

Jicho alishukuru. Alipofika nje ndipo aligundua kwamba mikono yake ilikuwa imekishika kikombe kile kwa nguvu hadi vidole vimekufa ganzi.

Chumba cha kuosha trei kilikuwa na mvuke, dawa na kelele za plastiki. Mshahara ulipungua, na kwa wiki ya kwanza macho yake hayakujua pa kujiweka. Miaka minne yalikuwa yakitafuta kitu kidogo kinachotikisika ndani ya mwanga, na sasa yalitazama trei tupu. Hakulalamika. Aliosha kila tundu la kila trei kana kwamba kuna atakayelimulika. Mayai yaliyokataliwa mezani yalipitia mlango wake ndani ya ndoo nyekundu, yakielekea kwenye tanuri, na kwa siku kumi ndoo ilikuja nzito, kila siku nzito, mistari ya buluu imejaa.

Jumatatu ile ya pili aliamka mapema kuliko kawaida, akafika kabla ya mlango kufunguliwa. Saa nne Redio aliingia na ndoo. Alisimama mlangoni akaiweka chini.

"Siruhusiwi kuzungumza nawe habari za trei," alisema. "Na mimi nimetia sahihi upya, kwa ajili yako wewe. Mdomo wangu umefungwa, sala zako zimejibiwa. Lakini ndoo ni ndoo. Kama ni nzito au nyepesi, una mikono."

Akaondoka haraka, kabla mdomo haujamshinda.

Jicho alikausha mikono kwanza. Ndipo akainua. Ilikuja juu kirahisi kiasi kwamba nusura aangukie nyuma. Akaiweka sakafuni, akainama. Mayai kumi na moja. Sita ya kijani, matatu ya njano, mawili ya buluu. Aliyageuza yote kwa ncha ya kidole, akahesabu tena kwa kuogopa kujidanganya. Mawili. Alikaa pale ameinama, akamshukuru Mungu bila sauti, mvuke ukimlowesha uso, na alipoinuka hakuweza kusema ni mvuke tu.

Zamu ilipokwisha alimkuta wifi nje ya geti, amesimama na trei tupu chini ya kwapa. Hawakuwa wameonana tangu ile Alhamisi. Wifi alikuwa amemtumia salamu kupitia watu wawili, na kila mmoja alileta salamu tofauti.

"Leo nimeleta yenye manyoya," wifi alisema. "Moja lina hata tope la mguu wa kuku. Nimeliacha makusudi. Karani wenu amekunja uso kama kala ndimu."

"Atazoea."

Walitembea hatua chache. Barabarani mkokoteni wa seremala ulipita, umebeba fremu mpya za mabanda, zinanukia mbao mbichi.

"Haya," wifi alisema, akasimama. "Niambie. Leo ilikuwa siku yenyewe. Yako hai?"

Jicho alifungua mdomo, akaufunga. Palikuwa na jambo moja tu alilotaka kulisema duniani, nalo lilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi.

"Bwana mifugo atakuja kwenu kesho asubuhi," alisema. "Yeye ndiye atakayewaambia."

"Kumbe umekuwa mgumu hivyo."

"Nimetia sahihi."

Wifi hakukasirika. Alimsogelea, akamshika kidevu kwa vidole viwili, akamgeuzia uso kwenye jua, akamtazama machoni muda mrefu, hivi na hivi, kama anayemulika yai. Kisha akamwachia, akaihamishia trei kwapa la pili.

"Basi twende nyumbani," alisema. "Nilikuwa nimepika kwa mashaka, nikatia chumvi kidogo. Nikifika naongeza."